Saa ya Kufuli, Toa Kikombe

Kuna watu Mungu aliwapa akili, wengine akawapa sura, na wengine, alipokuwa amechoka kugawa, akawapa lango. Kufuli alipewa lango.

Lilikuwa lango la mabati la kiwanda cha sabuni. Bawaba zake za kushoto zilikuwa mbovu, kwa hiyo lilipofunguliwa lilijiburuza kama mgonjwa anayepelekwa kuchomwa sindano. Ubavuni lilikuwa na kilango cha kupitisha mtu mmoja, tena ainame. Hapo ndipo Kufuli alipoumalizia utu uzima wake, juu ya benchi, na kofia kichwani, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Asubuhi alikigonga kipande kile kwa chuma, ngo, ngo, ngo, kisha akateremsha komeo. Ukimwona alivyovimba ungedhani sabuni huko ndani haichemki mpaka yeye atoe ruhusa.

Jina la Kufuli hakupewa na mama yake. Alipewa na waliobaki nje.

"Mzee, nimebakiza hatua moja tu!"

"Hatua yenyewe ndiyo hiyo iko nje," angejibu, bila kuinua kichwa.

Aliwafungia wajawazito. Aliwafungia waliotoka kuzika. Akaja kumfungia hata ndugu wa mkewe, aliyekuwa mkata miche ya sabuni. Kijana yule alikuwa na mkono mwepesi hata miche yake ililingana kama meno ya mtoto. Alifungiwa mara ya kwanza, akafungiwa ya pili, na ya tatu wakubwa wakamwambia kwa kuwa anapenda kulala, basi akalale moja kwa moja. Mkewe Kufuli alilia. Mama mkwe alikuja mwenyewe kusema naye. Kufuli akawapa ile kauli aliyoipenda kuliko chakula: "Lango halina shemeji."

Huyo shemeji akafungua kazi ya kutengeneza baiskeli. Unajua aliifungulia wapi? Mkabala na lango. Kila asubuhi Kufuli akiinua macho anamwona mtu ameinamia gurudumu, anapuliza mpira, anamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, shemeji. Leo umefungia wangapi?"

Sasa niwaambie habari ya saa. Kufuli alikuwa na saa ya mkono ya zamani, na uso wake aliugeuzia upande wa ndani wa mkono, kama mcheza karata anayeficha zake. Alikuwa na sababu. Saa ile ilikuwa inakimbia, na haikukimbia kwa ubovu. Aliisukuma mbele mwenyewe, kidogo tu, kiasi cha mtu asiye na haraka kunywa kikombe kimoja cha chai. Kwa kikombe hicho hakukosa wachelewaji hata siku moja. Na bawabu asiye na wachelewaji ni kama mbwa asiye na wa kumbwekea: mwisho tajiri hujiuliza anamlisha wa nini.

Alidhani hajulikani. Wajinga wote wana ugonjwa huo. Nyumbani kwake hata mwali wa jirani aliyekuja kuomba chumvi alijua. Kufuli akitangaza kwamba muda wa kutoka umefika, mkewe aliendelea kusuka nywele, akisema taratibu, "Saa ya baba, toa kikombe." Watu wa nyumbani wanatoa kikombe, wanafika kwa wakati, maisha yanaendelea. Ila mtu akithubutu kumwambia usoni kwamba saa yake inakimbia, Kufuli alifura kama hamira. "Saa yangu haijawahi kusema uongo! Mvivu ndiye hugombana na saa!"

Shemeji mtu aliwahi kumwambia, mara moja tu, siku ile ya kufukuzwa. Wakubwa wakamuuliza Kufuli, "Eti, saa yako ni sahihi?" Kufuli akaapa kwa marehemu baba yake. Likaisha hilo.

Basi dunia haiishi vituko. Kampuni ikapata wakubwa wapya, nao wakaamua kumzawadia mfanyakazi ambaye hajawahi kuchelewa kazini. Wakampata nani? Bawabu! Nani angemwona bawabu akichelewa, na yeye ndiye anayesema nani kachelewa? Ni kama kumpa paka zawadi ya kulinda maziwa kwa kuwa paka mwenyewe ndiye aliyeleta taarifa. Lakini wakubwa ni wakubwa. Aalikwe kwenye ofisi kuu, mji wa mbali, asafiri kwa meli na familia yake kwa gharama ya kampuni, na asubuhi ya kushuka apewe zawadi mbele ya watu.

Kufuli hakulala wiki nzima. Hiyo ndiyo siku aliyoishi kuingoja. Alishona suti ya kijivu iliyombana makwapani, akawa anatembea kama amebeba mayai. Na hofu yake ilikuwa moja tu: meli isimwache, maana mtu kuchelewa kwenda kupokea zawadi ya kutochelewa, hata yeye aliona hiyo ni aibu isiyozikika.

Wakapanda meli wanne: Kufuli, mkewe, mama mkwe, na shemeji, kwa sababu bibi kizee huyo alisema hapandi chombo chochote bila mwanawe.

Ilikuwa njiani, kwenye chumba cha kulia, ndipo lilipotokea la kutokea. Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya meli. Baharia mmoja mwenye mwanya, akimwekea chai, akachungulia mkono wa Kufuli, akaitazama ya ukutani, akacheka.

"Mzee, hiyo saa yako inasafiri peke yake? Mbona imekwisha fika mbele?"

Kufuli akafunika mkono upesi. Mkewe alikuwa sitahani na mama yake, shemeji amelala, hakuna aliyesikia. Lakini moyo ukamdunda. Ofisi kuu haitakosa saa ya ukutani kama hii. Mkubwa akimshika mkono wa pongezi, macho yakaangukia hapo je? Mshindi wa saa ana saa ya uongo! Akanyanyuka, akaenda chooni, akapiga komeo. Akakaa palepale pa kukalia, suti mpya na yote, akakizungusha kile kitufe cha pembeni, akairudisha mishale hadi ikapatana na ya meli. Kikombe chote cha chai kikamwagikia chooni. Kisha akatoka, amelinyoosha koti, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza haja ya kawaida.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kusema "nimeirekebisha" ni kusema ilikuwa mbovu.

Kesho yake meli ikatia nanga kwenye bandari ya kale ili ipakue mizigo. Kipaza sauti kikakohoa: "Abiria wanaotaka kushuka kutembea washuke. Meli inaondoka saa nane. Honi ikilia, ngazi inaondolewa, hatumngoji mtu." Kufuli alilipenda hilo la mwisho. Akalirudia midomoni kama pipi.

"Sisi tutakaa hapahapa," akatangaza.

Mama mkwe akajifunga mtandio. "Kaa, mkwe wangu. Mimi nashuka. Marehemu mzee wenu alinisimulia ngome ya hapa, eti ina mizinga ya kuingia mtu mzima. Yule mtu alinidanganya mambo mengi maishani mwake. Nataka nikaone kama na hili lilikuwa uongo."

"Mama, hayo ni mawe tu."

"Hata wewe ni nyama tu, mbona binti yangu alikuja kukutazama?"

Shemeji akageukia baharini ili asionekane anacheka. Wakashuka wote.

Wengine wangeona raha. Gati ilikuwa ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu waliokwisha kufa, na ukutani mlikuwa na pete za chuma nene kama paja, za kufungia majahazi ya zamani. Vichochoro vilikuwa vyembamba, hata watu wawili wakikutana mmoja hupumua ndani. Forodha ya zamani ilikuwa imeota majani kwenye paa. Kwenye mnara kulikuwa na saa kubwa iliyosimama zamani, njiwa wametaga juu ya mshale wake. Kufuli alikipita kila kitu kwa dharau. Pete? "Kutu." Forodha? "Paa linavuja." Saa ya mnara aliikunjia uso kama mtu aliyekutana na ndugu mlevi barabarani.

"Shemeji," akasema shemeji mtu, "hiyo nayo tutoe kikombe?"

"Funga mdomo wako."

Mama mkwe alikuta mizinga. Akaingiza kichwa kwenye mdomo wa mmoja, akakitoa kina utando wa buibui, akasema, "Mtu mzima haingii. Mtoto, labda. Nilijua tu." Akawa amefurahi kweli kweli, kama aliyeshinda kesi ya miaka arobaini na marehemu.

Halafu wakafika kwenye lango la ngome. Hapo jeuri ya Kufuli ikakatika magoti.

Lilikuwa lango la mbao nene kama kimo cha mto wa kulalia, limepigwa misumari yenye vichwa kama bakuli. Komeo lake lingehitaji wanaume wanne kuliinua. Na ndani ya lango lile kubwa, je, mlikuwa na nini? Kilango! Kilango kidogo cha mtu mmoja, tena ainame. Kufuli alivua kofia. Akalipapasa. Akainama akapita, akarudi, akapita tena. Watalii wengine wakasogea, naye akaanza kuwahutubia bila kuombwa: lango jema ni lile linalomfanya mtu ainame, komeo lishuke kwa sauti ili aliye nje ajue hana lake, bawabu asimtazame mtu machoni, maana macho yana huruma. Akasema hayo kwa muda mrefu mno, jasho likimtoka, mkono ukicheza hewani, na saa imegeukia ndani.

Dada aliyekuwa akiwaongoza watalii, mwenye mwavuli, alimwacha amalize. Kisha akasema kwa upole, "Ngome hii haikuvunjwa na mizinga, baba. Maadui walikaa nje hadi wakachoka. Mwisho bawabu akawafungulia."

"Bawabu gani huyo!" akafoka Kufuli. "Mimi nisingefungua."

"Aliahidiwa zawadi," akasema yule dada.

Shemeji alicheka akakaa chini. Mama mkwe akasema, "Ala!" Kufuli akautazama mkono wake. Damu ikamkimbia usoni. Palikuwa pamebaki muda wa kutembea hadi gatini, tena kwa haraka, bila kusimama kununua hata karanga.

"Twendeni! Muda umekwisha! Twendeni sasa hivi!"

Hakuna aliyetikisika. Mkewe alikuwa ameshamwita mpiga picha wa hapo langoni, mwenye kamera ya miguu mitatu na kitambaa cheusi, na alikuwa akimtengeneza mama yake mtandio.

"Tunakuja, mume wangu. Tupige picha moja."

"Hakuna picha! Meli inaondoka!"

"Haya, haya." Akamwambia mpiga picha, "Usiwe na wasiwasi, tuna nafasi. Huyu ndivyo alivyo." Na kwa mama yake, taratibu, akidhani hasikiki: "Toa kikombe."

Kufuli akasikia. Safari hii hakufura. Akawatazama wale watatu: mke anacheka, bibi ananyoosha shingo kama tausi, shemeji anajifuta grisi ya kwenye kucha ili atoke vizuri. Walikuwa wametulia kabisa. Walikuwa na kikombe kizima cha chai mfukoni, na kikombe chenyewe kilikuwa baharini tangu jana.

Neno lilikuwa moja: *Nimeirudisha.* Silabi chache tu, mtoto wa chekechea angelitamka. Wangeshika nguo, wangekimbia, wangepanda. Likamfika kwenye ulimi. Ndipo macho yake yakakutana na ya shemeji.

Ukisema umeirudisha, ilikuwa wapi? Na kama ilikuwa mbele, asubuhi zile tatu, mkata miche alikuwa amechelewa au hakuchelewa? Na kile kiapo cha kwa marehemu baba?

"Shemeji una nini?" akauliza yule mwenzake. "Umekuwa kama umemeza komeo."

"Saa yangu..." akasema Kufuli.

"Saa yako imefanyaje?"

Palepale angeweza kuwa mtu. Nafasi hupewa kila mmoja wetu, hata mabawabu.

"Saa yangu haisemi uongo," akasema. "Mimi natangulia. Nitaizuia meli."

Akageuka akaondoka, kwanza kwa hatua za heshima, alipokata kona akatimua mbio. Suti ikapasuka kwapani. Aliwakanyaga njiwa, akamsukuma mwuza machungwa, akapita kwenye vichochoro kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Alifika gatini huku mabaharia wawili wakiwa wameshashika kamba za ngazi. Akapanda kwa mikono na magoti.

Yule baharia mwenye mwanya akamtazama. "Mzee, mama yuko wapi? Na bibi yule? Kama wako njiani sema, nikamwambie nahodha. Bibi kizee tunaweza kumngoja kidogo."

Hiyo ndiyo bahati ya kumtia mtu haya. Mtu amekuja kukufungulia kilango, tena bila kukuinamisha. Kufuli alihema, mkono kiunoni. Akapiga hesabu yake ya kibawabu: kungoja ni kuchelewa kuondoka, kuchelewa kuondoka ni kuchelewa kufika, na huko mbele kuna mkubwa, na watu, na makofi.

"Hawaji," akasema. "Wameamua kubaki kwa jamaa."

Honi ikalia.

Meli ilipojitenga na gati, Kufuli alisimama kwenye ukingo, akijifanya anatazama maji. Juu ya ukuta wa ngome aliona vichwa vitatu. Mtandio wa mama mkwe ulikuwa ukipeperushwa hewani, na haikuwa kwa kumuaga. Mkewe alikuwa amesimama tu, mikono imeanguka. Shemeji alitazama meli, akatazama jua, akatazama meli tena, kama mtu anayejumlisha. Kisha akainua mkono wake wa kushoto juu kabisa, na kwa kidole cha mkono wa kulia akapiga pale saa inapovaliwa. Akapiga. Akapiga tena. Alikuwa mbali mno kwa sauti kufika, lakini Kufuli aliutia mkono wake mfukoni.

Alifika kwa wakati. Hilo hakuna atakayemnyang'anya. Kwenye ukumbi wa ofisi kuu palikuwa na saa kubwa, naye akaigeuza yake uso nje kwa mara ya kwanza maishani, akawaonyesha hata wapishi. Viti vitatu vya mbele vilikuwa vitupu. Mkubwa akamshika mkono mbele ya watu, akauliza, "Na familia yako, mzee wetu, iko wapi?"

Kufuli akanyoosha shingo.

"Wamechelewa," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Huyu kweli Kufuli!" Makofi yakapigwa hadi vumbi likashuka kwenye mapazia. Akapewa saa ya ukutani, ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo. Aliibeba kifuani safari nzima ya kurudi. Meli ilipotia nanga kwenye bandari ya kale hakushuka.

Aliwakuta nyumbani, wamemtangulia. Walilala usiku ule kwa mpiga picha, mama yake mpiga picha akawapikia, kisha wakarudi na chombo kilichokuwa kinaelekea huku. Mama mkwe alisema ni safari tamu kuliko zote alizosafiri, na kwamba wakati mwingine waachwe tena.

Hakuna aliyemgombeza. Angependa wamgombeze, kugombana alikuweza. Mkewe alimpokea saa, akaisimamisha kwenye meza, akampa maji. Picha ilikuwa tayari ukutani: bibi na shingo yake, mke, shemeji, na nyuma yao lile lango. Kati ya mke na shemeji kulikuwa na upana wa mtu mmoja, mtupu. Mpiga picha aliwaambia wasogeane, mkewe akakataa. Aliyekwenda kuizuia meli akirudi kuwaita, alisema, atasimama wapi?

Shemeji alikuwa kwenye kigoda, anakunywa chai. Hakuinuka.

"Shemeji, nikuulize jambo dogo. Zile asubuhi tatu. Nilichelewa?"

Kufuli akaanza, "Lango halina..." Akaona mke wake anamtazama, chupa ya maji mkononi. Akachukua nyundo na msumari, akawageuzia mgongo, akaanza kuitundika saa yake.

Shemeji alimaliza chai yake polepole, yote, hadi tope la chini. Akaweka kikombe mezani. "Basi kumbe ni hiki hiki," akasema. "Kumbe nilifukuzwa kwa hiki." Akaenda zake. Kesho yake aliinamia gurudumu mkabala na lango kama kawaida, ila hakumwamkia. Na Kufuli alipogonga reli, foleni nzima ya wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, waliokwisha simuliwa na shemeji, wakaimba kwa sauti moja, "Toa kikombe!" Wakasimama pale, mikono kifuani, wakingoja, na hakuna aliyekimbia. Wakubwa walipotoka kuona kelele za nini, wakamwomba awaonyeshe ule mkono wa saa, wailinganishe na yao.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Siku ile ya kurudi, alipomaliza kupigilia, Kufuli alirudi nyuma akaitazama zawadi. Ilikuwa inasema kweli tupu, tena kwa sauti, tiki, taka, nyumba nzima ikisikia. Hakuigusa na hakupanga kuigusa.

Mkewe aliitazama kidogo. Kisha akaufungua mlango, akamwita jirani ng'ambo ya ua.

"Jirani! Redio inasema saa ngapi?"